Funda la Kwanza

Sidhani kama yupo mtu katika Dodoma ile ya Mwingereza aliyekaribishwa maji mara nyingi kuliko mimi, wala aliyeyakataa kwa adabu zaidi. "Ahsante Mzee, nimetoka kunywa sasa hivi nyumbani." Ndivyo nilivyokuwa nikijibu, midomo imenipasuka kwa ukavu, naye anaiona. Hutikisa kichwa polepole, akakirudisha kikombe mahali pake, akasema, "Haya mwanangu. Siku nyingine." Na siku nyingine ikifika, hunikaribisha tena kana kwamba ya nyuma hayakuwapo.

Sisi wake za wafanyakazi wa reli tulimwita Mzee wa Bomba. Kazi yake ilikuwa kunywesha injini. Pale mwisho wa jukwaa la stesheni palikuwa na nguzo ndefu ya chuma iliyopinda shingo, na gari moshi likishasimama yeye hupanda juu ya tangi la injini, akaivuta ile shingo mpaka mdomoni mwa tangi, akafungulia koki. Injini ikishiba hufunga, akashuka, akapangusa mikono kwa tambara la begani. Mume wangu alikuwa fundi wa karakana, na nyumba yetu ilipakana na ya Mzee ukuta kwa ukuta. Mimi nilisikia kikohozi chake kila alfajiri, naye bila shaka alisikia kila neno la ugomvi wangu na mama mkwe wangu, na hayo hayakuwa machache.

Alikuwa mfupi, kifua kipana, miguu imepinda nje kidogo kama ya mtu aliyezoea kusimama juu ya kitu kinachocheza. Alitembea hivyo hivyo hata katika mavumbi ya sokoni, anapima ardhi kabla ya kuikanyaga, na akinamama wa Kigogo waliokuja kuuza uwele walicheka mpaka wakashika mbavu. Hakuwakasirikia. Aliwaambia ardhi ya Dodoma ina mawimbi, ila wao wameizoea.

Maana yeye alikuwa mtu wa bandari. Alitoka Tanga, na kwa hesabu yake hakuwa ameondoka. Bandari yote alihama nayo, akaishusha pale steshenini, akaendelea na kazi. Jukwaa aliliita gati. Shedi ya mizigo ilikuwa bohari. Steshenimasta, Mhindi mpole aliyekuwa akitembea na mwavuli hata mwezi wa Agosti, alikuwa Bwana Bandari, na aliamkiwa hivyo kila asubuhi mpaka akazoea kuitika. Mabehewa ya mizigo yalikuwa matishari. Gari moshi halikufika, lilitia nanga. Na likichelewa, Mzee alikuwa akiweka kiganja juu ya macho, anaangalia upande wa Ihumwa, stesheni ya jirani, anasema limekosa rubani.

Mimi nimezaliwa Kondoa. Maji mengi niliyokuwa nimeyaona kabla ya kuolewa ni ya mto wa msimu. Siku moja, ninaanika nguo uani, nikachoka na kile Kiswahili chake, nikamuuliza moja kwa moja: "Mzee, tishari ndiyo nini?"

Alifurahi mpaka nikajuta. Alileta sinia langu, sufuria langu na vifuniko vyote viwili, akavipanga chini. Sinia lilikuwa ghuba ya Tanga. Sufuria lilikuwa meli.

"Sasa tazama. Meli kubwa haiji kuligusa gati. Maji ya ukingoni hayaitoshi. Basi husimama huku katikati, hapa, na mzigo hufuatwa kwa matishari. Hivi vifuniko. Tishari halina injini, ni kama kisanduku kipana, huvutwa na boti ya moshi. Robota za katani zinatoka bohari, zinashuka gatini, zinaingia tishari, zinavutwa mpaka ubavuni mwa meli, halafu winchi inazinyakua. Makuli wanaimba wee, mpaka utadhani harusi."

"Na huyo rubani?"

"Rubani huifuata meli huko nje, akapanda, akaiongoza ndani katikati ya maboya. Pale pana mafungu ya mawe, usicheze. Tena afadhali Tanga. Pangani pana fungu la mchanga mdomoni mwa mto, meli haithubutu kabisa, inasubiri nje kama mkwe."

"Na wewe ulikuwa wapi katika sinia hili?"

Akatafuta kitu kidogo cha kujifanya yeye. Akakosa, akaweka kifungo cha shati.

"Mimi huyu. Boti ya maji. Watu husema meli hutembea kwa makaa. Uongo. Meli hutembea kwa maji ya kunywa. Bahari yote ile, mwanangu, na ndani yake hamna kikombe kimoja cha kumpa mtoto. Kwa hiyo meli ikishafunga kamba, kabla ya mzigo, kabla ya barua, huitwa nani? Mimi."

Alikaa akikitazama kile kifungo. Kisha akanirudishia vyombo vyangu, akanionya nisipike katika ile meli kabla ya kuisafisha vizuri, ina mavumbi.

Alikuwa mwongo, hili sitamfichia. Kwa nini aliondoka Tanga na kuja kukaa mahali pakavu kuliko pote? Jibu lilibadilika kulingana na hali ya hewa. Mara alifukuzwa na papa aliyemjua kwa sura. Mara alimfuata mwanamke mwenye ushanga aliyepanda gari moshi, mwanamke huyo akashuka stesheni moja kabla yake. Mara bwana mkubwa wa bandari alimwomba kwa machozi aje awafundishe watu wa bara kunywesha injini. Nilipomkumbusha kwamba mwezi uliopita ilikuwa papa, alinijibu bila haya: "Hata huyo alikuwapo."

Na hakujua kuogelea. Mtu aliyeishi juu ya maji ujana wake wote! Alisema kuogelea ni kazi ya walioanguka. Samaki hakula. Watu wa bara tulipoletewa dagaa wakavu tukashangilia, yeye alifunga dirisha. Alichopenda ni ugali wa uwele na mlenda, tena mlenda wa kuvutika, na hakutia chumvi. Mama mkwe alimwambia mtu wa umri wake amekwisha kula chumvi nyingi, hana haja ya kuongeza, na hiyo ni moja ya mara chache nilizowaona wakicheka pamoja.

Lakini katika maji hakuwa na uongo wala mzaha. Humo alikuwa mtu mwingine kabisa.

Ndani ya chumba chake, nilichokiona kupitia mlango uliokuwa wazi daima, mlikuwa na kitanda cha kamba, kasha, na benchi aliyoinunua kwa seremala wa mjini kwa ajili ya wageni. Pembeni mlikuwa na mtungi uliofunikwa kitambaa cheupe cha marekani. Juu ya rafu kulikuwa na vyombo viwili vya kunywea. Kimoja kilikuwa kopo la bati lenye mkono wa waya, jeusi kwa uzee. Hilo lake. Kingine kilikuwa kikombe cha enameli cheupe chenye mdomo wa buluu, kipya, kinang'aa. Hicho cha mgeni. Kila Ijumaa akitoka msikitini alikiosha, akakianika juani, akakirudisha. Kilikuwa kikioshwa mavumbi tu, maana hakuna mgeni aliyewahi kukinywea.

Watu waliingia, wakakaa kwenye benchi, wakamsikiliza papa wake wakacheka. Ila akigusa mtungi, kila mmoja alikumbuka jambo la haraka kwao. Huyu ameacha moto jikoni, yule anaitwa. Mwalimu wa madrasa, mtu mzima na ndevu zake, alisema amefunga, na haukuwa mwezi wa Ramadhani wala siku ya suna.

Sababu ni namna alivyokukaribisha. Alichota maji kwa kopo lake mwenyewe, akanywa funda moja mbele yako, akalishikilia mdomoni macho amefumba, akameza. Kisha akasema kwa sauti ya juu, "Matamu!" Halafu akakutazama, kichwa amekiinamisha upande, anasubiri. Anasubiri nini, hatukujua. Mabega yakimshuka, ndipo huchukua kikombe cha mgeni.

Hapo mgeni keshasimama.

Mama mkwe ndiye aliyenieleza, nilipokuwa bibi harusi mgeni nyumbani kwake. Yeye alikuwa Mgogo wa huko huko, mwanamke wa maneno machache yenye makali. "Pombe ndiyo huonjwa," aliniambia. "Mwenye nyumba hunywa kwanza, wageni wajue hamna kitu. Hiyo ni heshima. Lakini maji? Nani anaonja maji? Anayeonja maji mbele ya mgeni ni mtu aliyekwisha kushitakiwa. Mkewe yuko wapi? Wanawe wako wapi? Mtu haji toka baharini mpaka Dodoma peke yake bure."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ikaja kuwa Mzee wa Bomba alimwekea sumu mkewe huko Tanga. Hakuna aliyejua jina la huyo mke, wala kama aliwahi kuwako. Lakini kila funda alilokunywa Mzee ili tumwamini lilikuwa ushahidi dhidi yake. Nami nilitii. Nilikuwa mke wa nyumba ile, nikanywa kwangu.

Maji ya bomba la reli tuliyanywa, hayo yalikuwa ya serikali. Kiangazi kikikaza na visima vya mji vikakauka, reli iliruhusu wake za wafanyakazi kuchota kwenye kikoki kidogo kilichokuwa chini ya ile nguzo. Mzee ndiye aliyefungua. Na hapo pia, kabla ya ndoo ya kwanza, alikinga kopo lake, akanywa, akapaza sauti, "Matamu!", akasubiri. Wasichana walimwiga nyuma yake, wakainamisha vichwa kama yeye. Sisi watu wazima tulitazama pembeni. Kisha alisema, "Haya, wekeni ndoo," na sauti ilikuwa imepungua kitu.

Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa cha kuua. Wagogo walileta ng'ombe na mbuzi mpaka karibu na reli, wanyama mbavu zinahesabika, wakasimama mbali wakiitazama ile shingo ya chuma ikimimina maji ndani ya injini. Amri ilikuwa imebandikwa: maji ya reli si ya mifugo. Mzee alikuwa mtu wa amri, aliweza kumgombeza mtu kwa matone matatu. Basi nikashangaa kuona mahali penye bomba pamejaa matope, na kijito chembamba kinakwenda zake chini ya uzio, kinaingia shimo ambalo juzi halikuwako. Mbuzi walipiga magoti kunywa.

Kumbe kila injini aliyoinywesha aliiachia ifurike. Na si kidogo. Dereva mmoja alipolowa viatu alimpigia kelele, Mzee akamwita "bwana wangu", akamwambia tangi halina mdomo wa kusema nimeshiba, dalili yake ni kumwagika. Mfugaji mmoja mrefu mwenye shuka jeusi alizoea kuja na mbuzi wake pale shimoni. Hakujua Kiswahili cha kutosha, na Mzee Kigogo chake kilikuwa salamu peke yake. "Mbukwa!" anaita mmoja. "Mbukwa!" anajibu mwingine. Wakakaa kimya pamoja, uzio kati yao, mpaka mbuzi wamalize. Mtu yule alimletea maziwa kwa kibuyu. Mzee aliyanywa kwa furaha, akamwonyesha kwa mkono nyumba yake, aje anywe maji naye. Mfugaji akatazama kundi lake, akatazama jua, akaondoka. Nilikuwa nafagia uani. Niliona jinsi mkono wa Mzee ulivyokaa hewani kidogo kabla hajaushusha.

Nilimwonea huruma siku ile, nami ni mtu wa kuona huruma kwa shida. Nilimwuliza kama hatamani kwao.

"Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," alisema. "Iko siku. Ila huko nako, mwanangu, nitafikia kwa nani? Hapa angalau nina jirani."

Jirani mwenyewe mimi, niliyekuwa daima nimetoka kunywa sasa hivi.

Sasa nisimulie juu ya Kalasinga. Alikuwa dereva mgeni, kahamishwa kutoka reli ya Tanga, na ile ilikuwa safari yake ya kwanza kupita Dodoma. Ilikuwa adhuhuri, nami nilikuwa nimempelekea mume wangu chakula karakana, nikasimama kando ya jukwaa kungoja injini ipite. Mzee kapanda juu ya tangi kama kawaida. Kakinga kopo, kanywa funda, kafumba macho, kameza.

"Matamu!"

Na kutoka dirishani kwa injini yule Kalasinga, kilemba kimejaa masizi, mikono kwenye vyuma vyake, hata hakuinua kichwa, akaitikia: "Tia!"

Mzee hakutia. Alibaki amesimama huko juu na kopo mkononi. Upepo wa Dodoma ulikuwa ukivuma na kanzu yake ya kazi ikimpigapiga miguuni, naye hasogei.

"Tia basi, Mzee! Utaniweka hapa mpaka magharibi?"

"Wewe ni wa wapi?" aliuliza Mzee.

"Ngamiani," alijibu Kalasinga, kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka kuliko changu. "Baba yangu alikuwa fundi wa winchi bandarini. Mimi nimekulia juu ya gati lile."

Mzee akavuta shingo ya bomba, akatia. Alitia mpaka maji yakaporomoka pande zote mbili, na safari hiyo hayakuwa kwa ajili ya mbuzi. Aliposhuka alipita mbele yangu bila kuniona, akaenda nyuma ya shedi ya mizigo, akaweka paji la uso kwenye bati, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume mzima akilia kwa sababu ya neno moja.

Sikuvumilia. Nilisogelea injini, nikamsalimu yule dereva, nikamwuliza amemwambia nini mzee wa watu.

"Sijamwambia kitu, mama. Nimemwitikia tu." Akacheka, kisha akaona sicheki. "Kule bandarini boti ya maji ikivuja, maji ya bahari huingia yakachanganyika. Meli ikishayapakia, imekwisha, mabaharia watakufa kiu njiani. Kwa hiyo mwenye boti hunywa funda la kwanza yeye mwenyewe, wote wakimwona. Yakiwa mazuri anaita 'Matamu!', na serahangi wa meli, msimamizi wa mabaharia, anamjibu 'Tia!' Asipojibiwa hatii hata tone. Ndiyo desturi."

"Na yasipokuwa mazuri?"

"Anasema si matamu, na boti inarudi ilikotoka. Hakuna wa kubishana naye. Nahodha gani atamwambia tia hivyo hivyo? Labda kichaa."

Nilikwenda nyumbani pole pole. Nilikuwa nikifikiri miaka yote ile ameita mbele yetu, kikokini na chumbani kwake, hakuna aliyemjibu, na bado alitutilia. Kila siku alivunja desturi yake kwa ajili ya watu waliomwita mtia sumu.

Nilimweleza mama mkwe, alikuwa akipepeta uwele. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha ungo.

"Na huyo Kalasinga ni wa wapi?"

"Wa Tanga, mama."

"Basi," alisema. "Watu wa Pwani hulindana."

Nilikata shauri kwamba Ijumaa, akishakiosha kikombe chake, nitaingia niketi kwenye ile benchi nimjibu. Mama mkwe aseme atakavyo. Lakini kabla ya Ijumaa nililetewa habari kwamba dada yangu amejifungua vibaya, nikaenda Kondoa kumwuguza, na nikakaa huko mpaka aliposimama.

Niliporudi, nyumba ya pili ilikuwa na watu wengine. Kuku walikuwa wakiingia na kutoka mlangoni. Mume wangu akaniambia mkaguzi, Mzungu wa kupita na gari moshi, aliyakanyaga matope ya pale bombani, akafuata kijito mpaka shimoni, akawakuta mbuzi. Hakumwambia Mzee kwamba amemfukuza kwa sababu ya mbuzi. Alimwambia amezeeka, macho yake hayafai kupanda juu ya matangi, apumzike. Akufukuzaye hakwambii toka. Mzee alikunja godoro, akabeba mtungi kichwani, akapanda behewa la mizigo. Yule mfugaji wa shuka jeusi alikuwa amemkatia kipande cha ardhi kwao, Ihumwa.

"Hakuacha neno?" niliuliza.

"Aliuliza kama umerudi," alisema mume wangu.

Ihumwa si mbali. Hilo ndilo jambo la ajabu katika maisha, kwamba mahali pa karibu ndipo hatufiki. Watoto walikuja, wakaugua, wakapona. Mama mkwe alipooza upande mmoja, nikamtunza, tukapendana sana mwishoni, nikamzika. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado juu ya boma, lakini watu walikuwa wameanza kuitazama kwa macho mengine. Siku moja mume wangu alitumwa kutengeneza toroli ya reli huko Ihumwa. Nikamwambia, na mimi naenda.

Nilielekezwa tembe ya chini, paa la udongo, imejitenga na nyingine. Mfugaji hakuwapo, alikuwa amehama na ng'ombe upande wa Mtera kufuata maji, maana mvua ilikuwa imekataa tena. Mzee alikuwa ameketi mlangoni juani. Alikuwa amebaki mifupa na kile kifua chake. Macho yalikuwa yamefunga ukungu, kwa hiyo yule mkaguzi hatimaye alisema kweli.

"Shikamoo, Mzee."

Aliinamisha kichwa upande, vile vile. "Marahaba. Sauti ya ukutani hiyo. Mke wa Fundi!"

"Ndiye."

"Umetia nanga?"

"Nimetia nanga, Mzee."

Tuliingia ndani. Benchi ilikuwapo, mguu mmoja umefungwa kamba. Mtungi ulikuwapo na kitambaa chake, sasa rangi ya mavumbi. Alinipa habari za papa, papa mwenyewe sasa ana meno mapya niliyokuwa siyajui. Nikacheka pale pale pa zamani. Kisha akapapasa goti lake.

"Ningekukaribisha maji," alisema. "Lakini najua umekunywa nyumbani."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayenirahisishia kazi, na hilo ndilo lililonichoma.

"Sijanywa, Mzee. Tangu asubuhi sijagusa maji. Nina kiu."

Akainuka, mkono ukutani, akaifikia rafu bila kuitafuta. Akakishusha kikombe cha mdomo wa buluu. Kilikuwa kipya vile vile. Akakipangusa kwa shuka lake ndani na nje, akakiweka mapajani mwangu. Akaufunua mtungi, akachota kwa lile kopo lake jeusi, akanywa funda moja, akafumba macho yale yaliyokuwa hayaoni.

Nilikuwa na jibu langu ulimini. Nililibeba tangu ile adhuhuri ya Kalasinga.

Hakuita. Alilishikilia lile funda mdomoni, nikaona uso wake unabadilika, ukazeeka mbele yangu. Alikwenda mlangoni akalitema nje. Kisha akanigeukia.

"Si matamu," alisema.

Katika miaka yote ya ukuta ule sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

"Wanaonichotea siku hizi huchota kisima cha bondeni. Kina chumvi. Mimi mwenyewe nanywa, nimezoea, lakini mgeni..." Alikifunika kinywa cha mtungi kwa kiganja. "Nisamehe, mwanangu. Siku nyingine. Mvua ikinyesha."

Angeweza kusema matamu. Nani angejua? Aliyedanganya juu ya papa na mwanamke wa ushanga, mgeni wake wa kwanza ameketi na kikombe mapajani, neno moja tu la uongo na mimi nimekunywa. Hakulisema.

"Tia," nilimwambia.

Kichwa kilimwinama upande. "Umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia, Mzee. Tia."

Alisimama vile muda, kiganja juu ya mtungi, midomo inacheza kama anayesali. Kisha akatoa kiganja, akachota, akakitafuta kikombe kwa mkono wa kushoto, akatia mpaka yakamwagika juu ya vidole vyangu.

Nilikunywa. Yalikuwa na chumvi kweli, na ladha ya udongo, na yalikuwa na uvuguvugu wa chumba. Niliyanywa yote kwa sauti ili asikie koo langu, kwa sababu macho yake hayakuweza kumwambia. Nilipofika chini nikamrudishia kikombe.

"Tia tena," nikasema.

Akatia. Safari hiyo hakuonja kwanza.